Hivi hii "fizikia ya kwanta" kwenye uongozi ina kitu ndani, au tunapigwa?

#1 Nahodha Mkavu
Wakuu, salaam.

Tumetoka semina ya uongozi ya siku mbili. Mwezeshaji alichora gia ubaoni, akasema hivi ndivyo mnavyoongoza watu: mnasukuma hapa, mnategemea pazunguke pale. Akafuta kwa kiganja, akachora kitu kama wingu, akasema dunia ya sasa ni ya kwanta, ile fizikia ya vitu vidogo kama elektroni. Kuanzia hapo ikawa Heisenberg, paka wa Schrödinger, chembe zilizofungamana, kipepeo anapiga mabawa. Siku ya pili jioni mkurugenzi wetu akasimama, macho yanang'aa, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hatuandiki malengo, kwa sababu "asili yenyewe haina uhakika". Mimi nina watu 14 chini yangu. Wananiuliza Jumatatu wafanye nini.

Msimamo wangu, na nipo tayari kurushiwa mawe: katika yote yale kitu kimoja tu kilinigusa, kwamba ukimchunguza mtu unabadilisha anachofanya. Hilo nimeliona kwa macho yangu kazini. Mengine nayaona ni maneno mazito yanayofunika jambo jepesi. Wajuzi wa fizikia na wa utawala, njooni.

#2 Kimyakimya
Nimevuta kiti. Wenye vyeti waje.

#3 Chaki Nyeupe
Mleta mada, pole, maana hicho kilichokugusa ndicho kilichopotoshwa kuliko vyote.

Nafundisha fizikia. Heisenberg mwaka 1927 hakusema "ukiangalia unaharibu". Alichokionyesha ni kwamba elektroni haina mahali kamili na momenta kamili (uzito mara kasi yake) kwa wakati mmoja. Si kwamba vipo halafu sisi ndio tunashindwa kuvipata, na si kwamba mkono wetu ni mzito. Ukibana kimoja, kingine kinatanuka, hata ukiwa mpole vipi. Kosa limetokana kidogo na yeye mwenyewe: alipoieleza alitumia mfano wa darubini ya kufikirika, mwanga unaigonga elektroni na kuisukuma, watu wakabaki na ule msukumo kichwani.

Halafu ukubwa wake. Namba ya Planck inayotawala mambo hayo ina sifuri 33 baada ya nukta ndipo uione ile 6. Kwa mtu wa kilo 70 aliyekaa kwenye kiti, hakuna kitu hapo cha kuhisi.

#4 Bi Faili
Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, niongezee. Mtu kubadilika akitazamwa ni jambo letu, wala hatukulichukua kwa wanafizikia. Kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, jirani na Chicago, walianza majaribio ya taa mwaka 1924. Wakiongeza mwanga, kazi inapanda. Wakipunguza, inapanda vilevile. Baadaye wakawaweka wanawake watano kwenye chumba chao cha kuunga vifaa vya simu, wakawabadilishia mapumziko na saa za kazi, uzalishaji ukaendelea kupanda. Elton Mayo, mtafiti wa mambo ya kazi, akaja kuyapa majaribio yale umaarufu, Henry Landsberger akayachambua upya mwaka 1958, na jambo hilo likabaki na jina la Hawthorne.

Kwa hiyo ndugu yangu Nahodha, ulichokiona ni kweli, ila umekipeleka kwa baba asiye wake.

#5 Dada Hesabu
Bi Faili, shikamoo, lakini hadithi hiyo nayo imepambwa. Wachumi Steven Levitt na John List walizifukua takwimu za zile taa, wakachapisha mwaka 2011. Ile simulizi tamu ya "ongeza inapanda, punguza inapanda" haionekani vile inavyosimuliwa madarasani. Taa zilikuwa zikibadilishwa Jumapili, halafu Jumatatu kazi inaonekana imepanda. Kumbe Jumatatu hupanda kuliko Jumamosi hata taa zisipoguswa. Yaliyobaki ni mabaki madogo tu.

Na chumba cha wanawake watano? Walibadilishiwa namna ya kulipwa pia, wawe wanalipwa kwa kazi ya kikundi chao kidogo. Na wawili waliondolewa katikati ya majaribio, kosa lao kuzungumza mno, wakaletwa wengine. Ukimtoa mpiga soga ukamweka mchapakazi, halafu ukasema kilichopandisha kazi ni kutazamwa... sijui.

#6 Nahodha Mkavu
Sasa mnanipora kila kitu! Heisenberg mmemchukua, Hawthorne mmeitoboa. Basi niwape nilichokiona, mniambie kiitweje.

Kituo cha simu, sitasema cha nani. Waliweka kioo kikubwa ukutani, kila mhudumu na jina lake, na wastani wa dakika anazotumia kwa simu moja. Ukizidi dakika 4 jina linageuka jekundu. Wiki ya kwanza wastani ulishuka, wakubwa wakapiga makofi. Wiki ya tatu nikakaa karibu na kijana mmoja, mhudumu mzuri tu, sauti ya upole. Namwona jicho moja liko kwenye kioo. Ikifika 3:40 anaanza: "Haloo? Haloo? Sikusikii mama... haloo?" Kata. Mteja alikuwa anasikika hadi kwangu mimi niliyekaa pembeni.

Wastani wa kituo kizima ulikuwa dakika 3 na sekunde 50. Kijani tupu.

#7 Bi Faili
Dada Hesabu, marahaba. Umenikosoa kistaarabu, nakubali nusu.

Nahodha, hiyo ina jina: ni Goodhart. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, mwaka 1975 alikuwa anazungumzia sera za fedha: kipimo ukikigeuza kuwa shabaha, hakipimi tena. Tofauti yake na Heisenberg ni kubwa. Elektroni haijui kama inapimwa, wala haina kodi ya nyumba. Yule kijana anajua, anayo, na anajua nani anasoma kile kioo.

#8 Mzee wa Zamu
Enzi zetu kiwandani tulikuwa na moja tu: paka akiondoka panya hutawala. Sasa huyu paka wa Schrödinger yupo na hayupo kwa wakati mmoja. Panya wafanyeje? Wagawane zamu?

#9 Chaki Nyeupe
Hahaha, Mzee umeniua.

Ila huyo paka naye anaonewa. Schrödinger, mwanafizikia, alimleta mwaka 1935, paka wa kufikirika ndani ya boksi, hai na mfu kwa pamoja, ili kuonyesha kwamba kuna jambo halijakaa sawa kwenye maelezo ya wenzake. Ilikuwa kejeli. Leo semina zinamtumia kama sifa: "mradi wako uko hai na umekufa mpaka ufungue boksi". Mradi umekufa, mzee, harufu inasikika.

Kama mnataka mfano wa kwanta unaowahusu mameneja, mchukue huu. Mwaka 1977 Misra na Sudarshan walionyesha kwa hesabu kwamba chembe ukiipima tena na tena, haraka haraka, inashindwa kubadilika kutoka hali yake ya mwanzo. Mwaka 1990 Wayne Itano na wenzake wakaliona kwa ayoni (atomi zenye chaji) maabara. Kila ukichungulia, inarudi mwanzo. Bosi anayeomba taarifa kila saa asije akashangaa kazi haisogei.

#10 Dada Hesabu
Na mwalimu naye kateleza! Bandiko #3 umetuambia kwanta haimhusu mtu wa kilo 70, #9 umemletea bosi ayoni. Kazi haisogei kwa sababu taarifa ya kila saa inakula dakika kumi za kila saa. Hapo kuna kwanta gani?

#11 Chaki Nyeupe
Nimekamatwa. Niliteleza kwa raha zangu.

#12 Kocha Upeo
Naona mnachekana, nami ni mmoja wa hao mnaowacheka. Naendesha semina za aina hiyo. Naomba nisikilizwe.

Hakuna usimamizi usioazima. Frederick Taylor, yule wa 1911 na saa yake mkononi, alimwona mfanyakazi kama sehemu ya mashine. Mfano ule ulitoka wapi? Mwanasaikolojia Kurt Lewin miaka ya 1940 alizungumza juu ya "uga" na kani zinazosukumana, na watu wakajifunza kwake mabadiliko kama barafu: yeyusha, badilisha, gandisha tena. Hata lugha tunayozungumza hapa: nguvukazi, shinikizo, msukumo, kasi ya utekelezaji, kupima uzito wa hoja. Yote ni fizikia, ila ya zamani, mmeizoea mpaka hamuioni. Mtu akileta lugha ya fizikia mpya mnasema anawapiga.

Simwambii mkurugenzi kwamba ofisi yake ni elektroni. Namtoa kwenye gia. Bohr, mwanafizikia wa kwanta, alipopewa nishani kubwa ya Denmark mwaka 1947 alijichagulia nembo yenye maneno kwamba vinavyopingana hukamilishana. Kiongozi akikaa na wazo hilo wiki moja tu, akaacha kuuliza "nani yuko sahihi, mauzo au ufundi?", mimi nimemaliza kazi yangu. Mkurugenzi wa Nahodha kufuta malengo, hilo hakulipata kwangu.

#13 Mzee wa Zamu
Hapo kwenye barafu niachieni.

Tulihamishwa kutoka madaftari kwenda kompyuta, stoo nzima. Miezi sita. Kila mwezi wanakuja wa juu wanauliza: makosa yamepungua? Hayajapungua. Muda wa kutoa vifaa umepungua? Bado. Lakini mimi niliyekuwa ndani nilikuwa naona mambo. Mtunza stoo wetu mwanzoni alikuwa anaandika kwenye daftari kwanza, halafu anaingiza kwenye kompyuta. Mwezi wa tatu akawa anaanza na kompyuta, halafu anaandika daftari kwa hofu. Mwezi wa tano daftari limekaa droo ya chini, analitoa Ijumaa tu kulinganisha. Mwezi wa sita mradi ukafutwa, "hakuna matokeo", tukarudishiwa madaftari mapya yenye jalada gumu.

Walizima jiko barafu imebaki kipande.

#14 Chaki Nyeupe
Mzee, hilo ndilo bandiko bora la uzi huu, na fizikia yake ni sahihi kuliko ya semina. Kilo moja ya barafu kwenye nyuzi sifuri inahitaji kama kilojuli 334 iyeyuke yote. Muda wote huo kipimajoto hakisogei hata kidogo. Joto hilohilo ukilipa kilo ya maji ya nyuzi sifuri linayafikisha karibu nyuzi 80. Anayesoma kipimajoto peke yake atasema jiko halifanyi kazi.

#15 Dada Hesabu
Mfano mzuri, na hapo ndipo ninapouogopa. Kwa barafu unajua kilo ngapi zipo, unajua joto unalotia, unaweza kusema itaisha lini. Kwa stoo ya Mzee nani aliyajua hayo? Kila mradi uliokwama kesho utasema "mimi ni barafu, niongezeeni kuni". Mzee alikuwa na ushahidi wake, lile daftari lililokuwa likishuka droo. Huo ushahidi ulijitosha bila barafu.

Kocha, hoja yako ya kuazima naikubali. Swali langu ni nini kinafuata ukishaazima. Mfano niliowahi kuusikia kwenye semina: "timu zikifungamana kama chembe, huwasiliana papo hapo hata zikiwa mbali." Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022 kwa majaribio ya chembe zilizofungamana, na fizikia hiyohiyo inasema huwezi kuzitumia kupeleka ujumbe wowote. Hata neno moja. Yaani aliyeazima kachukua kitu, akakirudisha kimegeuzwa nje ndani. Mwaka 1996 mwanafizikia Alan Sokal aliandika upuuzi wa makusudi, kaujaza maneno ya kwanta na falsafa ya jamii, jarida la wasomi likauchapisha. Ukiona maneno yanapita bila mtu kuyakagua, jiulize.

#16 Kocha Upeo
Ile ya kufungamana naikiri, nimeisema mwenyewe ukumbini zaidi ya mara moja. Nitaitoa. Ila Sokal alilinasa jarida. Mimi naomba nihukumiwe kwa watu waliotoka semina yangu na walichokwenda kufanya.

#17 Gia Kuu
Nimesoma wote. Mnabishana kama mifano ya fizikia inafaa, wakati wanafizikia wenyewe waliwahi kuingia kwenye usimamizi na kalamu, bila mifano.

Patrick Blackett, wa Nobel ya 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza vikundi vya wanasayansi waliokaa na majeshi ya Uingereza kuhesabu. Misafara ya meli za mizigo ilikuwa ikizamishwa na nyambizi. Desturi ilisema misafara midogo ni salama. Wakahesabu, wakaona idadi ya meli zinazozama kwa shambulio moja haiongezeki kwa kadiri msafara unavyokuwa mkubwa, na mzingo wa kulinda hauongezeki kwa kasi ya eneo. Basi: unganisha misafara. Mabomu ya kuua nyambizi yaliyodondoshwa na ndege yalikuwa yakiwekwa yalipuke futi 100 chini, E. J. Williams akaonyesha kwamba nyambizi inayopigwa mara nyingi bado iko karibu na uso wa maji, yakashushwa hadi futi 25. Hakuna bomu jipya wala rubani mpya.

Na hii ya leo, kwa Nahodha na kituo chake cha simu. Mhudumu mmoja, simu zinakuja kiholela, urefu wake nao wa kiholela. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, anayepiga atasubiri kwa wastani muda wa simu 4. Asilimia 90, simu 9. Asilimia 95, simu 19. Bosi anayeona mhudumu amepumzika akadhani ni hasara, anajenga foleni kwa mikono yake. Hapo huhitaji wingu ubaoni.

#18 Kocha Upeo
Sawa, lakini mada ni fizikia ya kisasa. Foleni na mzingo wa duara vimekaa wapi na Heisenberg?

#19 Gia Kuu
Popote. Ndiyo maana nimevileta.

#20 Bi Faili
Nami nina mwanafizikia wangu. Richard Feynman, Los Alamos, wakati wa bomu la atomu. Aliwekwa na vijana waliokuwa wakiendesha mashine za hesabu, wakitoboa kadi siku nzima bila kujua ni za nini, kwa sababu ya usiri. Alisimulia kwamba kwa miezi 9 walikuwa wamemaliza maswali 3. Akaomba ruhusa wakubwa, vijana wakaambiwa wanachokifanya. Miezi 3 iliyofuata wakamaliza maswali 9. Mara tisa kwa kasi. Hakuna aliyebadilishiwa kioo ukutani.

#21 Gia Kuu
Bi Faili, kwenye simulizi hiyohiyo walibuni pia namna ya kuendesha maswali kadhaa kwa pamoja kwenye mashine, moja likiwa hapa, lingine likiwa mbele. Hayo ni mambo ya mtiririko.

#22 Bi Faili
Na nani aliyebuni? Walewale, baada ya kuambiwa. Wakaanza hata kuja usiku wenyewe.

#23 Dada Hesabu
Kwa masimulizi ya aliyekuwa bosi wao. Na lingewekwa kundi la pili lisiloambiwa, ningelala vizuri.

#24 Chaki Nyeupe
Dada Hesabu, wewe hata harusini lazima uwe na kundi la kulinganisha.

Nimalizie ile ya kipepeo kabla hatujasahau, maana inatumika vibaya vilevile. Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa ambaye wazo la kipepeo limetoka kwake, mwaka 1961 aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 kwenye kompyuta yake ya hali ya hewa, utabiri ukaenda kwingine kabisa. Watu wanasema "basi tendo dogo la kiongozi huleta makubwa". Lorenz hakuahidi hivyo. Alionyesha kwamba huwezi kujua ni tendo lipi, wala litaelekea wapi, ingawa kanuni zote unazo mkononi na hakuna bahati nasibu ndani yake.

#25 Nahodha Mkavu
Mrejesho. Jumatatu niliandika malengo matatu kwa mkono, nikayabandika ndani ya mlango wa kabati, yasionekane kutoka korido. Watu wangu wameyakuta wenyewe, hawajasema kitu, wanafungua kabati mara nyingi kuliko kawaida.

Mkurugenzi naye ametuma waraka: kila kitengo kijaze fomu ya kila siku kuonyesha ni kwa kiasi gani wafanyakazi wanajisikia huru. Kuna kipimo cha 1 hadi 10. Chini ya 7 unatoa maelezo.

#26 Mzee wa Zamu
Jaza 8. 10 watakuja kujifunza kwako.

#27 Kimyakimya
Nimekaa kimya tangu bandiko la pili, sasa nitoe yangu. Nimefanya kazi kituo cha simu, si hicho cha Nahodha. Sisi kikomo kilikuwa dakika 3. Hatukuwa na haja ya "haloo haloo", hiyo ya kizamani. Simu ikikaribia kikomo unamhamishia mwenzako, saa inaanza upya kwake. Yeye ikikaribia anakurudishia. Tulikuwa wawili, meza ya dirishani na meza ya mlangoni, hatutazamani wala hatusemeshani. Mama mmoja mwenye tatizo la bili tulimhudumia hivyo dakika 20, akashukuru sana, akasema ameongea na watu wengi na wote wanalijua tatizo lake.

#28 Mzee wa Zamu
Mwalimu, njoo uzione chembe zilizofungamana.

#29 Dada Hesabu
Hawa walikuwa wanapelekeana ujumbe. Hawahesabiki.